Kupotea, Kufichika na Kurejea: Uhakiki wa Dhana ya "Kumbukumbu" katika Nadharia ya Mifumo Wazi ya Kwanta

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matumizi ya dhana ya "kumbukumbu" katika nadharia ya mifumo wazi ya kwanta, hususani dai kwamba athari za kumbukumbu ndizo zinazowezesha taarifa iliyopotea kurejea. Makala yanaonesha kwamba neno hilo moja limebeba madai matatu yasiyolingana: kurejea kwa taarifa, kutogawanyika kwa mchakato, na utegemezi wa historia. Kwa kutumia mifano mitatu inayojulikana katika taaluma hiyo, makala yanabainisha kwamba vipimo vya madai haya hutoa hukumu zinazopingana, na kwamba taarifa inaweza kurejeshwa yote hata pale ambapo vipimo viwili mashuhuri vinasema hakuna kumbukumbu. Makala yanahitimisha kwamba Kiswahili hakina sababu ya kurithi utata huo. Mnyambuliko wa vitenzi vyetu unatuwezesha kutenganisha madai hayo tangu mwanzo, na utenganisho huo una manufaa kwa mtafiti na kwa mshauri wa sera vilevile.

1.0 Utangulizi

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. Tangazo hilo lilitukuta wakati ambapo hadhi ya Kiswahili imepanda kwa kasi. Mwaka 2019 kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya nne ya SADC, mwaka 2021 UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha ya kazi. Mambo haya mawili hukutana kwenye meza ya mtu anayetakiwa kuieleza sayansi mpya kwa Kiswahili, kwa wasomaji ambao kesho watashauri serikali zao kuhusu mahali pa kuweka fedha.

Nimewahi kukaa kwenye meza hiyo. Niliombwa kuandaa muhtasari wa ukurasa mmoja kuhusu teknolojia ya kwanta kwa ajili ya washauri wa sera. Sentensi iliyonikwamisha ilikuwa fupi. Ilisema kwamba athari za kumbukumbu huwezesha taarifa iliyopotea katika mazingira kurejeshwa. Katika rasimu ya kwanza niliiandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Msomaji wa kwanza aliniuliza: kumbukumbu za nani, na zimetunzwa wapi? Wa pili alidhani kwamba jambo linalozungumzwa ni kurejesha mafaili yaliyofutwa kwenye kompyuta. Nilijaribu kuwajibu, nikagundua kwamba siwezi, na kwamba kasoro haikuwa katika tafsiri yangu pekee. Ilikuwemo katika dhana yenyewe.

Makala haya ni matokeo ya ugunduzi huo. Mwandishi si mwanafizikia bali ni mtafiti wa lugha. Hata hivyo, swali la neno fulani linadai nini, na kama madai yake yanashikamana, ni swali ambalo mtafiti wa lugha ana wajibu wa kuliuliza, mradi tu asome anachokihakiki.

2.0 Usuli wa Nadharia

Mfumo wazi ni mfumo usiotengwa na vinavyouzunguka. Atomu moja ndani ya uwanja wa mwanga, au kyubiti moja ndani ya kompyuta ya kwanta, haiishi peke yake: inagusana na vitu vingine vingi ambavyo hatuvipimi, na ambavyo kwa pamoja huitwa mazingira. Mguso huo huharibu mshikamano wa awamu, yaani sifa ile inayokitofautisha kitu cha kwanta na sarafu ya kawaida inayorushwa hewani.

Katika hali rahisi, uharibifu huu huenda upande mmoja tu. Mfumo hutoa taarifa, mazingira huipokea na kuitawanya, na yanayofuata hutegemea hali ya sasa pekee bila kujali mfumo ulifikaje hapo. Michakato ya namna hii hupewa jina la Andrei Markov, mwanahisabati wa Urusi aliyeanza kuchapisha kazi zake kuhusu minyororo ya nasibu mwaka 1906. Kwa upande wa kwanta, umbo la jumla la mlinganyo wa michakato hiyo lilipatikana mwaka 1976 katika kazi mbili zilizoandikwa mbalimbali, moja ya Gorini, Kossakowski na Sudarshan, na nyingine ya Lindblad. Kitabu cha Breuer na Petruccione cha mwaka 2002 kiliikusanya nadharia hiyo na kuwa rejea kuu ya wanafunzi wa mifumo wazi.

Wasemaji wa Kiswahili wanaufahamu mtazamo huu bila hisabati: maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo inaeleza vizuri mchakato wa Markov. Kilichotoka kimetoka, na kila hatua inaongeza hasara.

Lakini si kila mchakato ulio hivyo. Mwaka 1987 Rempe, Walther na Klein walionesha katika maabara kwamba atomu zinazopita ndani ya kasha lenye uwanja wa mikrowevu hupoteza mtetemo wao wa utaratibu, kisha mtetemo huo hujitokeza tena. Yaani maji yaliyomwagika yalizoleka. Michakato ya aina hii huitwa isiyo ya Markov, na hapo ndipo neno "kumbukumbu" lilipoingia: husemwa kwamba mazingira yamekumbuka, na kwamba taarifa imerudi kutoka huko.

3.0 Vipimo Vitatu, Madai Matatu

3.1 Kurejea kwa Taarifa

Breuer, Laine na Piilo (2009) walipendekeza kipimo kinachovutia kwa usahili wake. Chukua hali mbili za mfumo. Mpe mtu mojawapo, bila kumwambia ni ipi, kila moja ikiwa na nafasi sawa ya kutolewa. Uwezo wake wa kubahatisha sawasawa hutegemea umbali kati ya hali hizo mbili. Umbali ukiwa 1, atapatia kila mara, ukiwa 0.6, atapatia kwa asilimia 80. Ukiwa 0, atabaki na asilimia 50, sawa na aliyerusha sarafu. Katika mchakato wa Markov upambanukaji huu haupandi kamwe. Ukipanda hata kwa kitambo kidogo, watafiti hawa husema kwamba taarifa imerudi kutoka kwenye mazingira, na kwamba mchakato una kumbukumbu.

3.2 Kutogawanyika kwa Mchakato

Rivas, Huelga na Plenio (2010) walishika njia nyingine. Kwao, mchakato ni wa Markov iwapo unaweza kukatwa vipande kwa wakati, na kila kipande kikawa mchakato halali wa kifizikia kinachojitegemea, hata pale mfumo unapokuwa na mfungamano na mwenzake aliye pembeni. Kipande kisipoweza kusimama chenyewe, basi kinategemea kilichokitangulia, na huko kutegemea ndiko kumbukumbu.

3.3 Utegemezi wa Historia

Pollock, Rodríguez-Rosario, Frauenheim, Paternostro na Modi (2018) waliuliza swali la kiutendaji zaidi. Tuseme katikati ya mchakato tunaiondoa hali ya mfumo na kuweka nyingine mpya tuliyoitayarisha wenyewe. Je, yatakayotokea baadaye yatategemea tulichofanya au tulichopima kabla ya kubadilisha? Yakitegemea, basi jana imepita mahali pengine nje ya mfumo ili kuifikia kesho. Mpishi aliyebadilisha sufuria na bado wali ukanuka samaki wa jana anajua kwamba harufu haikuwa ndani ya sufuria, imo jikoni.

Vipimo hivi vitatu vinauliza maswali matatu tofauti. Cha kwanza kinauliza kama kitu kimerejea. Cha pili kinauliza kama mchakato unakatika. Cha tatu kinauliza kama yaliyopita yana usemi juu ya yajayo. Kosa halimo katika kipimo chochote kati ya hivi. Linaanza pale vyote vinapopewa jina moja, na matokeo ya kimoja yakasomwa kana kwamba ni ya kingine.

4.0 Mifano Mitatu

4.1 Sarafu Moja, Mizunguko Miwili

Chukua kyubiti ambayo awamu yake huzunguka kwa kasi isiyobadilika, ama kuelekea kulia ama kuelekea kushoto. Upande umeamuliwa mwanzoni kwa kurusha sarafu, nasi hatukuoneshwa matokeo. Kwa kuwa hatujui upande, tunalazimika kuchukua wastani wa pande zote mbili. Hali mbili ambazo mwanzoni zilipambanuka kabisa huanza kufanana. Mizunguko yote miwili ikifika robo ya duara, hazipambanuki hata kidogo. Ikifika nusu ya duara, zinapambanuka tena kwa ukamilifu, umbali ukiwa 1 kama mwanzo.

Kipimo cha kwanza kitasema kwamba taarifa yote imerudi kutoka kwenye mazingira. Lakini mazingira gani? Hapa pana sarafu iliyorushwa mara moja na ambayo haijaguswa tangu hapo. Haikupokea kitu wala haikutoa kitu. Kilichobadilika ni uhusiano kati ya upande wa sarafu na awamu ya kyubiti, pamoja na kutokujua kwetu.

Mfano huu si wa kubuni tu kwa ajili ya hoja. Jaribio mashuhuri la mwaka 2011, lililofanywa na watafiti wa Hefei kwa ushirikiano na wenzao wa Turku, lilitumia fotoni zinazopita katika vipande vya fuwele. Mfumo ulikuwa mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, na mazingira yalikuwa masafa ya fotoni ile ile. Kwa kuinamisha kifaa kinachochuja masafa, watafiti waliweza kuuhamisha mchakato kutoka wa Markov kwenda usio wa Markov. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini mgawanyo wa masafa, unaoitwa mazingira, haubadiliki wakati fotoni inapita ndani ya fuwele. Anayesema kwamba mazingira hayo yalipokea taarifa, yakaikumbuka na kuirudisha, anasema zaidi ya kilichotokea kwenye meza ya maabara.

4.2 Mchanganyiko wa Michakato Miwili ya Markov

Hall, Cresser, Li na Andersson (2014) walitoa mfano uliowashangaza wengi. Ni mchakato ambao, tangu sekunde ya kwanza na milele, mojawapo ya viwango vyake vya uharibifu ni hasi. Kwa kipimo cha pili, mchakato huo haugawanyiki wakati wowote, hivyo una kumbukumbu daima. Kwa kipimo cha kwanza, upambanukaji haupandi hata mara moja, hivyo hauna kumbukumbu kabisa.

Baadaye ilioneshwa kwamba mchakato huo hupatikana kwa njia nyepesi mno: rusha sarafu, kisha uendeshe mmoja kati ya michakato miwili ya kawaida ya Markov kulingana na upande uliotokea. Hakuna tawi linalokumbuka chochote. Kumbukumbu yote imo katika sarafu, kwa kuwa matokeo ya jana yanatudokeza upande uliotokea, na kwa hiyo yanatudokeza ya kesho. Kipimo cha tatu kitaona utegemezi huo wa historia. Lakini kuona historia si sawa na kuweza kurejesha. Ndani ya kila tawi uharibifu unaendelea upande mmoja, na hakuna tendo juu ya kyubiti litakaloirudisha kila hali ilivyokuwa.

4.3 Mwangwi

Mfano wa tatu ndio mzito kuliko yote. Mwaka 1950 Erwin Hahn alichapisha ugunduzi wake wa mwangwi wa spini. Spini nyingi zilizomo katika uwanja wa sumaku usio sawa kila mahali huzunguka kwa kasi tofauti. Baada ya muda zinaachana, na ishara yao ya pamoja hufifia hadi kuonekana imekwisha. Kisha, kwa mpigo mmoja wa mawimbi ya redio, zinaanza kukaribiana, na baada ya muda sawa na ule wa kuachana ishara huibuka tena.

Sasa tuchukue hali maalumu ambapo kasi hizo zimegawanyika kwa umbo linaloitwa mgawanyo wa Lorentz. Hisabati inaonesha kwamba mshikamano wa awamu utapungua kwa umbo kamili la kipeo, bila kupanda hata mara moja. Huo ndio umbo wa mchakato wa Markov wa mlinganyo wa mwaka 1976. Kipimo cha kwanza kitasema hakuna kumbukumbu. Kipimo cha pili kitasema hakuna kumbukumbu. Hata hivyo mpigo mmoja, ukipigwa kwa usahihi, unarejesha kila kitu. Arenz, Hillier, Fraas na Burgarth (2015) waliutumia mfano wa aina hii kuonesha kwamba mchakato unaofuata mlinganyo wa Markov bila kasoro unaweza bado kuzuiwa kwa mfululizo wa mipigo.

Tukiiweka mifano yote pamoja, hukumu zinajipanga hivi. Katika mfano wa kwanza, vipimo vyote vitatu vinasema kumbukumbu ipo. Katika wa pili, kipimo cha kwanza kinasema haipo, viwili vya mwisho vinasema ipo. Katika wa tatu, viwili vya kwanza vinasema haipo, cha tatu peke yake kinasema ipo. Ama urejeshaji wa taarifa, haufuati mpangilio wowote kati ya hiyo: katika mfano wa kwanza taarifa inarejea yenyewe, katika wa pili hairejesheki kikamilifu, katika wa tatu hairejei, lakini inarejesheka yote.

5.0 Utetezi wa Dhana na Tathmini Yake

Haitakuwa haki kuhukumu bila kuusikiliza upande wa pili. Watetezi wa kipimo cha kwanza wana jibu. Wanasema kwamba taarifa iliyo nje ya mfumo si lazima ikae ndani ya mazingira yenyewe. Inaweza kukaa katika uhusiano kati ya mfumo na mazingira. Kwa tafsiri hiyo, sarafu ya mfano wa kwanza haikuhitaji kupokea kitu. Taarifa ilihamia katika uhusiano, ikarejea kutoka katika uhusiano. Breuer, Amato na Vacchini (2018) waliitetea hoja hii mahususi kwa michakato inayotokana na mchanganyiko, na hesabu zao ni sahihi.

Nakubaliana na hesabu, sikubaliani na jina. Ikiwa taarifa imo katika uhusiano, basi haikupotea, na mazingira hayakukumbuka chochote. Ilifichika kwa mtu anayetazama mfumo peke yake. Wudarski na Petruccione (2016), kutoka Durban, Afrika Kusini, walikwisha kuonya kwamba lugha ya kubadilishana taarifa kati ya mfumo na mazingira imechanganya ukweli na hekaya. Li, Hall na Wiseman (2018) nao walizipanga dhana hizi kwa ngazi, wakionesha kwamba hakuna fasili moja inayozimeza nyingine zote. Kwa hiyo wanataaluma wenyewe wanaujua utata huu. Pamoja na kuujua, sentensi za utangulizi na za hitimisho, ambazo ndizo husomwa na wasio wanafizikia, huendelea kusema "kumbukumbu" kana kwamba shauri limekwisha kuamuliwa.

Watetezi wanaweza pia kusema kwamba kipimo chao kinahusu mchakato usioingiliwa, hivyo mwangwi wa Hahn, unaohitaji mpigo kutoka nje, hauwahusu. Hilo ni kweli, na ndilo linaloipa hoja yangu nguvu. Kipimo kisichohusu kuingilia hakina mamlaka ya kusema kama taarifa inarejesheka au hairejesheki. Kinaweza kusema tu kama imerejea yenyewe.

6.0 Mchango wa Kiswahili

Kiswahili kina nafasi gani katika shauri hili? Wengi wetu tumezoea kuona kazi ya istilahi kuwa ni kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la kigeni. Kazi kubwa zilizotangulia, kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, zilihitaji njia hiyo kwa sababu dhana nyingi zilizosanifiwa zilikuwa zimekwisha kutulia. Lakini dhana iliyo bado katika mjadala haiwezi kusanifiwa hivyo. Ukiipa neno moja, unakuwa umetoa hukumu bila kusikiliza kesi.

Neno "kumbukumbu" lina mizigo mingine pia. Ni kumbukumbu za mkutano, ni nyaraka zilizohifadhiwa, ni ukumbusho wa waliotangulia, na ni sehemu ya kompyuta. Kwa wenzetu wa Burundi na Kongo waliosomea Kifaransa, neno lenye maana hiyo ndilo pia jina la tasnifu ya mwanafunzi. Isitoshe, katika taaluma ya kwanta kuna kifaa halisi cha kuhifadhia hali ya kwanta kwa muda na kuitoa inapohitajika. Hicho ndicho kinachostahili kuitwa kumbukumbu ya kwanta. Tukilitumia neno hilo kwa michakato isiyo ya Markov, mshauri wa sera hataweza kutofautisha kifaa kinachonunuliwa na sifa ya kelele inayokiharibu.

Kwa upande mwingine, vitenzi vyetu vinauliza swali ambalo nomino ya kigeni inalikwepa. Taarifa inaweza kurejea: inakuja yenyewe, hakuna aliyeileta. Inaweza kurejeshwa: yupo aliyeileta, naye anahitaji kifaa, ujuzi na wakati. Inaweza kurejesheka: uwezekano upo, hata kama hakuna aliyejaribu. Kadhalika kupotea si kufichika, na kufichika si kutawanyika. Msemaji wa Kiswahili hawezi kuitunga sentensi bila kuchagua mojawapo ya kauli hizi, na akichagua, amekwisha kusema ni dai lipi analolitoa. Sentensi iliyonikwamisha ilikwama kwa sababu ilinitaka nichague, na chanzo chake hakikuwa kimechagua.

Napendekeza kwa hiyo istilahi nne zijadiliwe. "Kurejea kwa taarifa" itumike pale upambanukaji unapopanda wenyewe. "Kutogawanyika kwa mchakato" itumike kwa kigezo cha pili. "Utegemezi wa historia" itumike kwa kigezo cha tatu. "Urejeshekaji" utumike kwa swali la kama tendo fulani linaweza kuirudisha taarifa. "Isiyo ya Markov" libaki kuwa jina la jumla, ili msomaji wa Kiswahili asipotee anapovuka kwenda kwenye maandishi ya lugha nyingine.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Itasemwa kwamba si kazi ya mtaalamu wa lugha kuwatungia wanafizikia sheria. Nakubali. Mapendekezo haya ni rasimu, na watakaoyapima ni walimu wa fizikia watakaoyatumia darasani. Kati ya hizo nne, ninayoitilia shaka mwenyewe ni "kutogawanyika kwa mchakato": mwanafunzi anaweza kuelewa kwamba mchakato haukatiki kabisa, ilhali maana ni kwamba vipande vyake haviwezi kusimama vyenyewe. Akipatikana mwenye neno bora zaidi, na litumike hilo.

7.0 Umuhimu kwa Sera

Mshauri wa sera anaweza kuuliza kama tofauti hizi zina uzito wowote nje ya maabara. Zina uzito. Kompyuta za kwanta hushindwa kwa sababu ya kelele, na nadharia za awali za kusahihisha makosa zilijengwa juu ya dhana kwamba kelele ya sasa haina uhusiano na iliyopita. Terhal na Burkard (2005) walionesha kwamba usahihishaji unawezekana pia kwa aina fulani ya kelele isiyo ya Markov, mradi masharti maalumu yatimizwe. Kwa hiyo kujua kelele ni ya aina gani kunaathiri gharama: kelele yenye utegemezi wa historia inaweza kupunguzwa kwa mipigo, ikiwa ni ya aina ya mwangwi, kelele iliyotawanyika moja kwa moja inadai njia nyingine zilizo ghali zaidi.

Mtu atakayekuja na ripoti inayosema kwamba kifaa chake "hakina kumbukumbu" anaweza kuwa anasema kweli kwa kipimo cha kwanza na cha pili, huku sehemu kubwa ya hasara ikiwa inarejesheka. Na anayesema kwamba kifaa "kina kumbukumbu" anaweza kuwa na mchanganyiko wa mfano wa pili, usiorejesheka kikamilifu kwa tendo lolote juu ya mfumo. Asiyeuliza zaidi atalipia kitu asichokijua.

Maswali ya kuuliza ni matatu, na hayahitaji shahada ya fizikia. Kwanza, kipimo kilichotumika ni kipi? Pili, taarifa inayodaiwa imerejea yenyewe, au imerejeshwa, au inasemwa tu kwamba inarejesheka? Tatu, kama imerejeshwa, ni kwa tendo gani, na tendo hilo linataka kujua nini mapema kuhusu mazingira?

8.0 Hitimisho

Makala haya yamehakiki dhana ya kumbukumbu katika nadharia ya mifumo wazi ya kwanta na kuonesha kwamba jina hilo linafunika madai matatu tofauti, na kwamba urejeshaji wa taarifa haulingani na lolote kati ya hayo. Thamani ya kazi za watafiti waliotajwa haipungui kwa uhakiki huu. Vipimo vyao vinabaki kuwa zana sahihi kwa maswali ambayo kila kimoja kiliundwa kuyajibu. Kinachohitaji kurekebishwa ni lugha inayoviunganisha.

Kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na kwa vyombo vya kitaifa vya lugha, pendekezo ni kwamba istilahi za sayansi zinazoendelea kujadiliwa zisisanifiwe kwa kutafuta kisawe kimoja kimoja, bali kwa kuuchambua mjadala kwanza na mwanafizikia akiwa mezani. Kazi hiyo ni ya polepole kuliko kujaza orodha. Ule muhtasari wa ukurasa mmoja hatimaye niliuandika upya. Sentensi ile fupi iligeuka kuwa tatu, na ndani yake neno "kumbukumbu" halikuwemo. Safari hii wasomaji wale wawili hawakuniuliza ni kumbukumbu za nani. Waliuliza mpigo unagharimu kiasi gani, na hilo ndilo swali waliloajiriwa kuliuliza.